Uchaguzi Ukikukuta Kampala: Namna ya Kujiandaa Ukiwa Mgeni

Mdogo wangu alihamia Kampala kikazi mwishoni mwa 2025, wiki chache tu kabla ya uchaguzi wa 15 Januari 2026. Mimi niliishi Ntinda, mtaa wa Kampala, wakati wa uchaguzi wa 2021, kwa hiyo kila Jumapili nilimpigia simu tukapanga jambo moja baada ya jingine. Nimeyaandika hapa kwa Mtanzania yeyote ambaye kazi au masomo yatamkutanisha na uchaguzi wa Uganda, na mengi yanafaa hata kwa nchi nyingine.

Hatua ya 1: Jua tarehe za hatari

Usiitazame siku ya kura peke yake. Mwaka 2020 watu zaidi ya 50 walikufa katika vurugu za tarehe 18 na 19 Novemba, baada ya Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani, kukamatwa akiwa kwenye kampeni wilayani Luuka. Kura ilikuwa bado karibu miezi miwili. Kwa hiyo kwenye kalenda yako andika siku ya kura, siku ya matokeo (sheria inataka yatangazwe ndani ya saa 48 baada ya vituo kufungwa) na kuapishwa kwa Rais tarehe 12 Mei. Mgombea mkubwa akikamatwa, siku yoyote ile, rudi nyumbani kwanza, habari utazisikia huko huko.

Kuna na tarehe za mtandao. Mwaka 2016 mitandao ya kijamii na huduma za pesa kwa simu zilifungwa siku yenyewe ya kura, 18 Februari. Mwaka 2021 mitandao ya kijamii ilifungwa tarehe 12 Januari, na jioni ya tarehe 13 ikazimwa intaneti yote hadi tarehe 18. Mwaka 2026 ilizimwa tena tarehe 13 Januari jioni. Maandalizi yako yote yawe yamekwisha wiki moja kabla ya kura.

Hatua ya 2: Karatasi

Toa nakala za pasi, kibali na kadi ya homa ya manjano. Maombi ya vibali Uganda hufanyika mtandaoni, kwa hiyo kibali kinachoisha Januari kihuishe Novemba.

Hatua ya 3: Pesa taslimu na umeme

Hapa ndipo nilipoumia, na ndiyo maana nitakaa hapa.

Jumatano ile ya 13 Januari 2021 nilikuwa na pesa za kutosha, ila zote zilikuwa kwenye programu ya benki ya nyumbani. Mfukoni nilikuwa na shilingi 14,000 za Uganda. Usiku intaneti ikakata. Alhamisi ni siku ya kura, benki zimefungwa. Nikazunguka kwa mawakala watano kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Wawili walifunga, mmoja mashine yake ilitaka mtandao, na wawili hawakuwa na noti hata moja kwa sababu watu walikuwa wameshatoa zote jana yake. Kulipoingia giza, umeme nao ukaisha. Kampala luku wanaiita Yaka, na mimi nilizoea kununua tokeni kwa simu, kidogo kidogo. Nililala gizani, simu ikiwa na chaji asilimia 9.

Sasa fanya hivi. Piga hesabu ya matumizi ya siku kumi: chakula, maji, gesi, dawa, nauli. Ongeza nauli ya kukufikisha mpakani. Toa pesa hiyo kwa mafungu ndani ya wiki mbili, usiende kutoa kitita siku moja mtaa mzima ukikuona. Chukua noti za 1,000, 2,000 na 5,000 kwa wingi. Noti ya 50,000 siku hizo ni kama huna, maana muuza nyanya hana chenji. Gawa sehemu tatu, na moja isiwe ndani ya pochi. Kuwa na pesa kwenye simu ni vizuri, lakini zihesabu kuwa nyongeza tu. Mwaka 2016 waliokuwa wameitegemea huduma hiyo walibaki wanaitazama namba kwenye kioo.

Yaka nunua ya mwezi mzima na uingize kwenye mita mara moja. Tokeni iliyobaki kwenye ujumbe wa simu si umeme bado. Mtungi wa gesi badilisha hata kama haujaisha.

Unga, mchele, maharage, mafuta ya kupikia na chumvi, hayo unayajua.

Hatua ya 4: Ujulikane mtaani

Mwaka ule aliyeniokoa ni mwenye duka la kona, niliyemsalimia kila asubuhi "Wasuze otya, ssebo". Alifungua daftari lake akaniandikia mchele kilo mbili, mishumaa na sabuni, bila mimi kuomba mara mbili. Kwa hiyo mapema kabisa nenda kwa mwenyekiti wa LC1, kiongozi wa mtaa wako, ujitambulishe na umwombe barua ya ukazi. Askari wakipita nyumba kwa nyumba, wa kwanza kuulizwa wewe ni nani ni yeye. Mwenye nyumba apewe namba ya ndugu yako wa nyumbani.

Hatua ya 5: Simu

Nunua kitochi. Simu janja sizitegemei hata kidogo siku hizo: chaji haikai, na intaneti ikizimwa yote hata VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, haina kazi. Weka laini mbili za kampuni tofauti, salio la kupiga na siyo bando la intaneti, na namba kumi muhimu uziandike kwenye karatasi, ikiwemo ya ubalozi wetu. Kubaliana na nyumbani saa maalumu ya kutuma ujumbe mfupi kila siku.

Hatua ya 6: Nguo na ulimi

Nyekundu ni ya wafuasi wa Bobi Wine, njano ni ya NRM, chama tawala. Ziache kabatini zote mbili. Bereti nyekundu iliingizwa kwenye orodha ya mavazi ya jeshi mwaka 2019, usiiguse hata kwa picha. Askari na umati usiwapige picha.

Kiswahili chetu nacho kina uzito wake. Kwa wazee wengi wa Buganda, eneo la Waganda linaloizunguka Kampala, ni lugha waliyoisikia kwa watu wenye bunduki. Mkiongea wawili kwa sauti usiku, jirani anafunga mlango. Mtaani anza na salamu ya Kiganda. Kwenye kizuizi cha barabarani Kiswahili kinasaidia: "Habari za kazi, afande", mikono ionekane, simu mfukoni.

Hatua ya 7: Kuondoka

Kama una mtoto mdogo, mimba au ugonjwa wa kudumu, ondoka siku kumi kabla. Mutukula, mpakani na Tanzania, ni kilomita zipatazo 200 kupitia Masaka, na barabara hiyo usiipite kura ikishapigwa.

Mdogo wangu aliamua kubaki. Jioni ya tarehe 13, saa mbili kamili, ujumbe wake uliingia: "Yaka ipo. Mchele upo. Mama mwenye nyumba kaniletea matoke." Kesho yake saa mbili ukaingia mwingine.