Kumfundisha daktari kliniki huku foleni inasubiri

Kliniki ya wagonjwa wa nje si wodi. Mgonjwa unaye dakika chache, kisha anakwenda zake. Kwa hiyo mimi huanza kabla ya foleni: daktari anayesomea ubingwa nampa mafaili mawili matatu ayapitie, halafu namuuliza leo anataka kujinoa kwenye nini. Kitu kimoja tu.

Akitoka chumbani kuja kukueleza habari za mgonjwa, nyamaza. Hapa ndipo wakufunzi wengi tunapoharibu. Mimi mwenyewe nilikuwa naropoka jibu hajamaliza hata sentensi. Siku hizi nauliza, "Wewe unadhani ana nini?" Kisha, "Umeona nini hata ukafika hapo?" Juzi mmoja aliniambia shinikizo la damu limegoma kushuka, anataka kuongeza dawa ya tatu. Nikamuuliza kama mgonjwa anazimeza hizo mbili. Kimya. Tukarudi wote. Yule mama akafungua mkoba: pakiti moja haijaguswa. Dawa hiyo ilikuwa inamvimbisha miguu, akaiacha.

Ukishasikia hoja zake, fundisha jambo moja, taja waziwazi alichofanya vizuri, kosa lirekebishe mkiwa wawili tu. Mbinu hii ilichapishwa mwaka 1992 na huitwa ya dakika moja, ingawa mimi hunichukua tano.

Mara moja kwa wiki kaa pembeni umtazame akimhoji mgonjwa, usiingilie. Na wagonjwa wake wapangiwe kurudi kwake yeye, aone dawa aliyoandika imefanya nini.