Kupima breka ya 66 kV iliyokaa muda mrefu bila kutripu

Breka ya msongo mkubwa, yaani swichi inayotripu (kufunguka na kukata umeme) hitilafu ikitokea, mara nyingi hugomea kwenye mitambo yake: grisi iliyokauka, lachi (komeo linalozuia springi) iliyong'ang'ania, koili iliyoungua. Ikikaa mwaka mzima bila kuguswa, tripu ya kwanza huwa nzito, ya pili nyepesi, ya tatu kama mpya. Ukiipima baada ya kuichezesha mara tatu, umepima breka nyingine kabisa.

1. Nasa tripu ya kwanza

Anza kabla laini haijazimwa. Ukiwa na kibali, fungua kabati la kuendeshea, kamata waya wa koili ya kutripu kwa klampu ya mkondo wa DC iliyounganishwa na kirekodi. Usifungue skrubu yoyote: waya ukilegea hapo, breka haitatripu hitilafu ikitokea. Kisha mwendeshaji afungue breka kutoka chumba cha udhibiti.

Soma mchoro polepole. Mkondo hupanda, hubonyea kidogo pini ya koili inapokwenda kugonga lachi, hupanda tena, halafu hukatwa na kontakti saidizi (swichi ndogo inayofuata mwendo wa breka). Bonde likichelewa kuliko kwenye rekodi za zamani, pini au lachi imekauka. Kilele kikiwa chini, angalia betri na viungio: koili ya omu 55 kwenye volti 110 inapaswa kufikia ampea 2. Mkondo usipokatika, kontakti saidizi ni mbovu na koili itaungua, maana imetengenezwa kwa mpigo mfupi tu.

Ukikuta lachi nzito, usipulizie mafuta ya kulegezea kutu. Yanaosha grisi, yanakauka, na miezi michache baadaye breka inagoma tena. Baada ya hatua ya 2, fungua, safisha, paka grisi aliyoitaja mtengenezaji, na usiichanganye na nyingine. Breka ikiwa na koili mbili, tripu ijayo ya kwanza itumie ile ya pili.

2. Tenga, unganisha ardhini, toa nguvu kwenye springi zote mbili (ya kufunga na ya kufungua)

3. Muda na ukinzani

Nguzo tatu za breka (moja kwa kila fezi) zisipishane zaidi ya milisekunde 3.3 zikifungua, 5 zikifunga. Rudia kutripu kwa volti 77, yaani asilimia 70 ya 110. Breka nzima lazima itripu. Ukinzani wa kontakti kuu upime kwa ampea 100 za DC. Multimita ya kawaida haisomi maikro-omu.

4. Gesi ya SF6 (inayozima cheche ndani ya breka)

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake inasukuma kwa takriban bar 0.83, si 1.01. Geji ya kawaida husoma tofauti na hewa ya nje tu, hivyo kwenye breka yenye bar 6.0 kamili (kuhesabu kutoka ombwe) itasoma karibu 5.0 Mombasa, lakini 5.2 hapa. Anayejaza mpaka 5.0 hapa ameacha upungufu. Amini kipima msongamano chenye chemba iliyozibwa, mwinuko hauigusi. Ukishajaza, subiri joto la gesi lilingane na la nje ndipo usome. Usiiachie hewani: ni kati ya gesi kali kabisa katika kupasha dunia joto.

5. Hita ya kabati

Pima mkondo wake kwa klampu. Hita iliyokufa haionekani mpaka Julai, matone yanapoanza kuteremka juu ya viungio vya koili.