Breki Zinazochelewa Kushika: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Dereva ambaye breki zake zinachelewa kushika kwa kawaida hufika gereji akiwa amekwisha kuamua kwamba pedi, yaani vipande vinavyobana diski ya gurudumu, zimekwisha. Pedi hubadilishwa, fedha hulipwa, na gari likirudi barabarani breki huchelewa vilevile, kwa sababu pedi ni mojawapo tu ya vyanzo kadhaa. Pedali yenyewe ingeweza kumwonyesha fundi pa kuanzia, laiti angeikanyaga kwanza kabla ya kushika spana. Kwa magari ya huku Mbeya, ambayo yakielekea Kyela au Dar es Salaam ni lazima yashuke milima mirefu, uchunguzi huu haufai kuahirishwa hata kama katikati ya mji gari linaonekana kusimama vizuri.

Hatua ya kwanza: kanyaga pedali injini ikiwa imezimwa. Egesha gari mahali tambarare, weka vigingi kwenye magurudumu, kisha kanyaga na kuachia mara tano au sita hadi pedali iwe ngumu. Baada ya hapo ikandamize kwa nguvu ya kawaida na uishikilie kwa muda wa dakika moja. Pedali inayobonyea kama godoro la sponji ina upepo kwenye mabomba. Ile inayoanzia chini lakini ikapanda kila unapoipampu inaweza pia kuwa na upepo, au brekishuu za nyuma (vipande vinavyokandamiza dramu ya gurudumu kutoka ndani) zimekaa mbali na dramu na zinahitaji kurekebishwa. Ikiwa pedali inazama polepole chini ya mguu uliotulia, mafuta ya breki yanatoroka mahali fulani: kagua upande wa ndani wa kila gurudumu, maungio ya mabomba, na pale masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni) inapokutana na sevo (kifaa kinachouongezea nguvu mguu wako). Usipoona unyevu popote, na mafuta hayapungui kwenye kikopo chake, mipira ya ndani ya masta silinda ndiyo inayopitisha, na hapo hakuna kiasi cha kutoa upepo kitakachosaidia.

Hatua ya pili: pima sevo. Ukiwa bado umekandamiza pedali, washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, sevo haipati vakyumu (mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini) au imetoboka. Kabla ya kuilaumu sevo yenyewe, ambayo ni ghali, kagua mpira unaotoka kwenye injini pamoja na vali yake ya njia moja, kwa kuwa ufa mdogo kwenye mpira huo unatosha kuifanya pedali iwe ngumu na gari lichelewe kusimama. Kwa magari ya dizeli, angalia pia pampu ya vakyumu, ambayo katika baadhi ya injini imefungwa nyuma ya altaneta.

Hapa ni vyema kutaja jambo ambalo wageni kutoka pwani huliona kuwa ubovu. Sevo hufanya kazi kwa tofauti kati ya kanieneo (mgandamizo) ya hewa ya nje na vakyumu ya injini. Usawa wa bahari kanieneo hiyo ni takriban kilopaskali 101, lakini Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ni takriban 82. Msaada wa sevo hupungua ipasavyo, na pedali ikawa nzito kidogo. Uzito huo mdogo si ubovu, ila sevo iliyochoka ambayo Dar es Salaam ilivumilika, huku itajionyesha mapema.

Hatua ya tatu: fungua magurudumu, gari likiwa juu ya stendi imara na si juu ya jeki pekee. Pedi zilizobaki na milimita 3 au pungufu zibadilishwe, na vilevile zile zilizong'aa kwa kuungua. Pini za kalipa, kifaa kinachozibana pedi, ziteleze kwa mkono. Zikiwa zimekwama kwa vumbi na kutu, zisafishe na uzipake grisi ya breki inayostahimili joto. Mtu wa pili akikanyaga pedali, tazama mipira ya breki (mabomba laini yanayopeleka mafuta kwenye gurudumu): usikubali uliovimba.

Hatua ya nne: mafuta na upepo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu hushusha kiwango chake cha kuchemka: DOT 3 mpya (daraja mojawapo la mafuta hayo) huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachokubalika ni 140 tu. Yakichemka mteremkoni huzaa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama. Ndiyo sababu gari linaweza kushika vizuri Mwanjelwa mjini Mbeya, likashindwa kwenye mteremko wa Kitonga, kisha likapona lenyewe baada ya kupoa. Mafuta yaliyogeuka kahawia iliyokolea yamwagwe yote, na kamwe usijazie oili ya injini, kwani huvimbisha mipira ya mfumo mzima.

Kwa magari mengi yenye usukani kulia, anza kutoa upepo gurudumu la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mbele kulia. Kitabu cha gari kikisema vingine, fuata kitabu. Vika mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye skrubu ya kutolea upepo, na ncha ya pili uizamishe kwenye chupa yenye mafuta safi. Msaidizi akandamize pedali, wewe ulegeze skrubu robo mzunguko, mapovu yatoke, na uikaze kabla hajaachia. Akiachia mapema, upepo unarudi ndani. Rudia hadi mafuta yatoke safi bila povu, huku ukijazia kikopo kisikauke. Ikiwa upepo umeingia kwenye kizio cha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame wakati wa kufunga breki), baadhi ya magari huhitaji mashine ya uchunguzi ili kuutoa.

Hatua ya tano: jaribu breki gari likiwa limesimama, kisha kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa kwenye barabara tambarare isiyo na watu, na ukirudi kagua skrubu zote nne kwa kidole. Palipo na unyevu, kaza na urudie jaribio kabla gari halijapelekwa kwenye mteremko wowote.