Mashina mawili yaliyobanana yatakupasulia mwembe

Kila mvua za kwanza zinapoingia na upepo wake hapa Tabora, malalamiko kutoka Uyui hadi Nzega ni yale yale: mwembe wa kupandikizwa, ulioanza kuzaa vizuri, umepasuka katikati, nusu yake iko chini na maembe machanga. Wengi wanalaumu upepo. Hapana, ndugu mkulima. Kosa lilifanyika mche ukiwa wa kimo cha kiuno, ulipoacha mashina mawili ya unene sawa yapande juu yamebanana, ukitarajia mavuno mara mbili.

Nguvu ya panda, yaani pale mashina mawili au shina na tawi yanapoachana, iko kwenye kwapa lake. Hapo nyuzi za mbao hujisokota na kushikana, na mbao huwa nzito kuliko ya shinani. Duncan Slater na Roland Ennos wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walipotoboa sehemu hiyo ndogo katika panda za mti uitwao hazel, nguvu ilipungua kwa karibu theluthi moja. Sasa, mashina yakibanana, gome la huku na la kule humezwa katikati, na gome haliungani na gome. Kila yanaponenepa yanasukumana. Panda iliyo imara ina tuta la gome lililoinuka juu yake. Mbovu ina ufa unaozama ndani. Chomeka njiti ya fagio: ikizama, panda hiyo haijashikana.

Kata ncha ya mche sentimita 70 kutoka ardhini, mwishoni mwa Septemba au Oktoba, kabla ya mvua. Machipukizi yakirefuka, bakiza matatu yanayoelekea pande tofauti, yaliyoachana sentimita 10 hadi 15 shinani. Yasitoke sehemu moja! Kila moja liachane na shina kwa pembe ya nyuzi 45 hadi 60. Kisha, kila mwaka, chukua utepe wa fundi cherehani uzungushe shina juu kidogo ya panda, halafu tawi. Shina likiwa na mzunguko wa sentimita 16, tawi lisizidi 8. Likizidi, lipunguze urefu ili shina liliache nyuma. Msipime kwa macho. Macho ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Mwembe ambao tayari una mashina mawili makubwa, usiliondoe shina moja lote kwa siku moja. Baada ya kuvuna, fupisha lililo dhaifu kwa theluthi, rudia mwaka unaofuata. Unapoondoa tawi, kata nje ya uvimbe ulio kwenye kitako chake, usikwangue shina wala usiache kisiki.

Na hizi waya mnazofungia panda, ziondoeni. Zinakata gome, na mti hujenga mbao pale unapoyumba. Panda iliyofungwa haiyumbi, kwa hiyo haikomai.

Panda ikishika vizuri, utaliona lile tuta la gome.