Kuchagua valvu ya usalama kwa laini ya asidi: hatua ninazofuata

Pampu ikiharibika utasikia. Bomba likitoboka utaona. Valvu ya usalama, supape kama tunavyoiita karakanani huku Lubumbashi, inaweza kuliwa na asidi mwaka mzima bila mtu kujua, na siku presha inapopanda ikagoma kufunguka, au ikafunguka isifunge tena. Ukanda wetu wote, kutoka hapa mjini hadi Likasi na Kolwezi, unatoa shaba na kobalti kwa kuyeyusha mawe ndani ya asidi ya salfuriki. Sehemu ya asidi hiyo inaingia kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, kutoka upande wa Zambia. Kila inapohifadhiwa, kusukumwa au kupashwa moto, kuna valvu ya usalama ambayo mtu aliichagua, vizuri au vibaya.

Ninamwandikia fundi au injinia kijana anayepewa fomu ya kuagiza valvu na kuambiwa aijaze kabla ya jioni. Kabla hujaandika chochote, shika hili: usiulize tu ni chuma gani kinaivumilia asidi iliyo ndani ya bomba. Uliza pia asidi hiyo itakuwa nini ikishavuka kiti cha valvu, pale kifuniko chake kinapokaa na kuziba, ikakutana na hewa, unyevu na mvua ya Januari.

Hatua ya 1: Ijue asidi katika hali zake zote

Kuandika "asidi ya salfuriki" kwenye fomu ni sawa na kutoandika kitu. Asidi ya asilimia 98 ikiwa baridi na ikitembea polepole, chuma cha kawaida cha kaboni kinaivumilia, kwa sababu ngozi ya salfeti ya chuma inajitanda juu yake na kukikinga. Asidi hiyohiyo ikichanganyika na maji ikafika asilimia 30 au 50, inakila chuma hicho kwa kasi na kutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Na hata asidi kali yenyewe, ikipita kwa kasi, inaing'oa ile ngozi. Sasa fikiria valvu ya usalama inapofunguka: mahali pembamba kuliko pote ni kwenye nozeli, yaani mdomo wa kuingilia wa valvu, na hapo ndipo mwendo unakuwa mkali kuliko popote. Ndiyo maana tangi la chuma cha kaboni linaweza kudumu miaka mingi, lakini nozeli ya chuma hichohicho haifai.

Upande wa maji ya kuyeyushia madini mambo yanageuka. Asidi humo ni nyepesi, ambayo kwa kawaida ingekishambulia chuma cha pua, lakini ioni za chuma zenye chaji tatu na za shaba zilizomo zinasaidia 316L, aina mojawapo ya chuma cha pua, kushika ngozi yake ya kinga. Kwa hiyo 316L inafanya kazi vizuri kwenye mitambo mingi ya aina hii. Lakini siku ya kuosha mtambo, au siku ya kuuwasha, kunapita asidi nyepesi ya moto isiyo na shaba ndani yake, na ile kinga haipo. Kama kuna kloridi nyingi kwenye maji ya kisima au kwenye kemikali, chuma cha pua kinatoboka vishimo vidogo. Joto likivuka takriban nyuzi 60 kinaweza hata kupasuka nyufa kikiwa chini ya mvutano, na waya wa springi iliyobanwa unabeba mkazo wa namna hiyo saa zote.

Mwombe mtu wa maabara akupe kiwango cha asidi, kloridi, floridi, chuma na shaba, joto la chini na la juu, na kama kuna mchanga au chumvi inayoganda. Kisha muulize mwendeshaji wa zamu ya usiku wanachopitisha humo wakati wa kuosha. Huyo ndiye anayejua.

Hatua ya 2: Tafuta sababu ya presha kupanda

Kwetu anza na umeme. SNEL, shirika la umeme la taifa, ikikata, maji ya kupoza yanasimama lakini joto lililomo mtamboni halisimami. Baada ya hapo angalia pampu ya dozi inayosukuma huku valvu ya mbele imefungwa: pampu ya aina hiyo haijui kuacha, itasukuma mpaka kitu kipasuke. Kuna pia kimiminika kilichofungiwa kati ya valvu mbili bomba likiwa juani. Kikipata joto kinatanuka, na hakina pa kwenda.

Kwa wanaotumia dioksidi ya salfa kuyeyushia kobalti, tangi la gesi hiyo iliyofanywa kimiminika linataka uangalifu wa pekee. Kwenye nyuzi 20 presha yake kamili (yaani pamoja na presha ya hewa) ni karibu bari 3.3, kwenye nyuzi 40 inapita bari 6. Joto la jua peke yake linaifanya ipande karibu mara mbili, na moto ukiwaka karibu ni hatari kubwa zaidi. Andika kila sababu kwenye karatasi pamoja na kiasi kitakachohitaji kutoka. Kiasi kikubwa kuliko vyote ndicho kitakachoamua ukubwa wa valvu.

Hatua ya 3: Presha ya kufungukia

Soma bamba la chombo. Kwa kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, valvu ikiwa moja, presha yake ya kufungukia isizidi presha ya juu inayoruhusiwa kwa chombo. Wakati valvu inamwaga, presha inaruhusiwa kupanda asilimia 10 juu ya hapo, asilimia 16 kama valvu ni zaidi ya moja, na 21 kwa hali ya moto.

Presha ya kazi ya kila siku ibaki chini ya asilimia 90 ya presha ya kufungukia. Kwenye maji hii ni busara tu. Kwenye asidi ni lazima. Valvu inayofanya kazi karibu mno na kikomo chake inadondosha kidogokidogo, na kila tone linalopita linachimba mfereji kwenye kiti.

Hatua ya 4: Aina ya valvu

Valvu ya springi ya kawaida ina udhaifu mmoja mkubwa kwenye kazi yetu: ikifunguka, asidi inaingia hadi ndani ya boneti, kofia inayoifunika springi, na kuilowesha. Mvuke wa asidi kutoka bomba la pamoja la kutolea unaweza pia kurudi na kuila springi kutoka nyuma, hata kama valvu yenyewe haijafunguka hata mara moja. Ukifungua valvu ya namna hiyo mezani utaona chumvi ya buluu ya shaba imeganda kwenye mikunjo ya springi, na waya wenyewe una vishimo unavyovihisi kwa ukucha. Springi hiyo haina tena nguvu iliyoandikwa kwenye bamba.

Kinga ya kwanza ni valvu yenye mvukuto, ule mrija wa mikunjo unaoitenga springi na kimiminika. Mvukuto huo pia unapunguza athari ya presha ya nyuma, ile ya upande wa kutolea. Valvu ya kawaida inavumilia presha ya nyuma ya kama asilimia 10 tu ya presha ya kufungukia, wakati ya mvukuto, kwa gesi, inafika kama 30 bila kupoteza uwezo wa maana. Lakini ukuta wa mvukuto ni sehemu tu ya milimita, hauna ziada ya kuliwa. Uwe wa aloi bora kuliko bodi, isiwe kinyume chake.

Valvu ya mvukuto ina tundu la kupumulia kwenye boneti, na tundu hilo libaki wazi. Nimeona watu wakilifunga kwa plagi kwa sababu "linavuja". Tundu likivuja, linakwambia mvukuto umepasuka. Ukiliziba umenyamazisha onyo, na valvu haitafungukia tena kwenye presha uliyoiweka. Liwekee kichujio cha waya, maana nyigu wanapenda kujenga humo kwa udongo wetu mwekundu, kisha lielekeze mahali ambapo hakuna mtu anayepita.

Kinga ya pili, ninayoipenda zaidi kwa asidi kali na kwa gesi ya salfa, ni kisahani cha kupasuka kinachowekwa chini ya valvu. Kisahani kinapokea kutu, valvu inabaki kavu. Chagua kisichotoa vipande, ili vipande visije kukwama kwenye nozeli. Na usikubali kamwe kukifunga bila manometa kwenye nafasi iliyo kati yake na valvu. Kisahani kinapasuka kwa tofauti ya presha kati ya pande zake mbili. Kikiwa na tundu dogo kama la sindano, presha inajaa upande wa pili, tofauti inapotea, na chombo kitavuka kikomo kabla kisahani hakijapasuka. Sindano ya manometa hiyo ikae kwenye sifuri. Ikisogea, kibadilishe kisahani.

Hatua ya 5: Ukubwa

Hapa nitapiga hesabu moja mpaka mwisho, kwa njia ya API 520, kanuni ya Marekani ya kukadiria ukubwa wa valvu za usalama. Pampu kubwa ya dozi inasukuma lita 200 kwa dakika za asidi ya asilimia 98, yenye uzito mara 1.84 wa maji. Valvu inafungukia kilopaskali 600, yaani bari 6. Ongeza asilimia 10 upate 660, toa presha ya nyuma 20, inabaki 640.

Eneo kwa milimita za mraba ni 11.78 (namba ya fomula) mara 200, mara kipeuo cha pili cha (1.84 kugawa kwa 640), kugawa kwa kizio cha mtiririko (sehemu ya mtiririko wa kinadharia inayopita kweli) 0.65. Jibu ni karibu 194. Matundu ya valvu yana ukubwa wa kawaida unaoitwa kwa herufi; la F lina milimita za mraba 198, kwa hiyo linaonekana linatosha.

Bado. Asidi ya salfuriki ni nzito kama mafuta. Kwa unato, yaani ugumu wa kutiririka, wa sentipoizi 25 kizio cha unato ni kama 0.986, na eneo linapanda hadi 197. Usiku wa Juni na Julai, baridi ya Lubumbashi inapoingia, unato unaongezeka, na ile milimita moja iliyobaki inaisha. Kisha tumesema tunataka kisahani cha kupasuka. Kama kisahani na valvu havikujaribiwa pamoja, uwezo unazidishwa kwa 0.9, na eneo linafika kama 219. F imeshindwa. Tunachukua G, yenye 325. Kuongeza kisahani baadaye bila kurudia hesabu hii ni kuondoka na valvu ndogo bila kujua.

Usikimbilie pia kuchukua kubwa zaidi "kwa usalama". Valvu kubwa mno inafunguka na kujifunga haraka haraka, inajigongagonga, na kiti kinaharibika ndani ya dakika chache.

Kwa gesi kumbuka urefu wa mji. Tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, presha ya hewa hapa ni karibu kilopaskali 88. Hesabu ya gesi inatumia presha kamili, kwa hiyo usijaze 101 kwa mazoea.

Hatua ya 6: Vifaa vya kila sehemu

Andika kila sehemu peke yake: bodi, nozeli, kisahani cha kiti, mvukuto, springi, gasketi. Neno "chuma cha pua" peke yake litakuletea kitu cha bei nafuu kuliko vyote.

Kwa asidi kali baridi, nozeli na kisahani cha kiti viwe Aloi 20, mvukuto uwe Hastelloy C-276, zote aloi za nikeli nyingi zinazostahimili asidi. Kwa asidi nyepesi ya moto ninaegemea C-276 kwa kila kinacholoweshwa, au valvu iliyofunikwa ndani kwa plastiki ya PTFE au PFA kama presha na ukubwa vinaruhusu. Tantali ni nzuri mno kwenye asidi nyingi, lakini floridi inaiharibu, na ndiyo maana uliomba kipimo cha floridi kwenye hatua ya kwanza. Dioksidi ya salfa kavu haina shida na chuma cha kaboni. Ikipata unyevu ni habari nyingine, nenda kwenye 316L angalau.

Mpira wa kiti unasahaulika sana. Kwenye sehemu ya kuchujia shaba kwa kimumunyisho kuna mafuta ya jamii ya taa. Mpira wa EPDM unavimba humo na kunata kwenye kiti. Tumia mpira wa FKM au plastiki ya PTFE.

Hatua ya 7: Mabomba

Bomba la kuingilia liwe fupi na pana: presha inayopotea humo wakati valvu inamwaga isizidi asilimia 3 ya presha ya kufungukia. Kama kuna valvu ya kufungia njiani, ifungwe kwa mnyororo ikiwa wazi.

Bomba la kutolea liende kwenye bwawa la kukusanyia au kwenye mnara wa kuoshea gesi, kamwe lisielekee njia ya watu. Lisiwe na bonde la kutuamisha kitu, na kwenye sehemu ya chini kabisa liwe na njia ya kutirisha. Tone la asidi kali likivuja humo kisha likakutana na maji ya mvua, linakuwa asidi nyepesi. Bomba la chuma cha kaboni ulilolichagua kwa asidi ya asilimia 98 linaanza kuliwa kutoka ndani, na kutu inayobanduka inaangukia kwenye valvu.

Hatua ya 8: Kuipokea

Valvu ikifika, usiamini rangi wala sumaku. Kwa macho huwezi kutofautisha 316 na Aloi 20. Ipimwe kwa kifaa cha miale ya X kinachosoma aloi, sehemu kwa sehemu, na majibu yalinganishwe na cheti.

Kisha iende mezani kwa majaribio. Ya gesi inajaribiwa kwa hewa au naitrojeni, na kiti kinapimwa kwenye asilimia 90 ya presha ya kufungukia. Kwa kiti cha chuma, tundu la F au dogo zaidi lisizidishe mapovu 40 kwa dakika, makubwa yake 20. Kiti laini kisitoe povu hata moja. Ya kimiminika inajaribiwa kwa maji. Baada ya hapo ikaushwe kabisa kwa hewa kavu, pamoja na boneti na mikunjo ya mvukuto, kisha flenji zizibwe. Maji yaliyobaki ndani yakikutana na asidi kali yanachemka na kuipunguza nguvu mahali palepale ulipotaka pabaki pakavu.

Usisubiri ukarabati wa mwaka kuifungua mara ya kwanza. Ishushe baada ya miezi michache, ijaribu kwanza kabla ya kuisafisha ili ujue ingefungukia kwenye presha gani, kisha ifungue, pima unene wa mvukuto na kipenyo cha waya wa springi, upige picha ya kiti. Muda wa ukaguzi unaofuata uutoe kwenye vipimo hivyo.