Somo: Mashine ifanye mtihani, wanachuo wasahihishe

Wakuu, tangu ChatGPT, mashine ya akili bandia inayoandika majibu ya maswali, itoke Novemba 2022, wahadhiri wengi tumegeuka askari wa doria: nani kaandika mwenyewe, nani kaandikiwa. Mimi doria hiyo nimeiacha. Hata OpenAI, wenye ChatGPT, walitoa chombo cha kutambua maandishi ya mashine Januari 2023, na Julai mwaka uleule wakakiondoa kwa kuwa hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwenye mtambo kashindwa, sembuse mimi na kalamu yangu nyekundu?

Siku hizi mtahiniwa wangu ni mashine, na wasahihishaji ni wanachuo.

Hatua ya 1. Chukua swali la insha unalolitoa kila mwaka, ulibandike kwenye mashine kama lilivyo, usome jibu. Likistahili alama B bila jasho, swali hilo limekufa, lizike. Mengi yanayokufa ni ya "eleza" na "jadili faida na hasara".

Hatua ya 2. Pata majibu matatu ya swali moja. La kwanza kwa agizo fupi tu. La pili iambie itoe marejeo matano. La tatu iambie itetee msimamo ambao wewe unajua ni dhaifu. Yachapishe, uyagawe kwenye karatasi. Hapo mwenye toleo la kulipia na asiye na intaneti kabisa wanakuwa sawa.

Hatua ya 3. Utamu uko hapa, usiharakishe. Makundi ya watu wanne, kila kundi na jibu moja pamoja na mwongozo uleule wa usahihishaji unaoutumia wewe. Watoe alama na kuzitetea, wapigie mstari kila sentensi isiyosema kitu (zitakuwa nyingi kuliko wanavyodhani), kisha wasake kila rejeo.

Marejeo ndiyo yanayowaamsha. Mashine hizi hukisia neno linalofuata kutokana na maandishi zilizofunzwa nayo, kwa hiyo zinaweza kutunga rejeo linalofanana kabisa na la kweli: mwandishi yupo, jarida lipo, kurasa zipo, makala yenyewe haipo. Wasimulie habari ya mawakili wa New York waliotozwa faini ya dola 5,000 mwaka 2023 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Kisha watume maktaba. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, kundi moja lilirudi limenuna, limepoteza saa nzima likitafuta makala ya hewani. Hasira ile iliwafundisha kunukuu kuliko mihadhara yangu yote.

Matoleo yanayotafuta kwanza mtandaoni huleta zaidi marejeo ya kweli. Hapo swali linageuka: je, makala inasema kweli hicho inachosingiziwa?

Hatua ya 4. Kila mmoja, peke yake, aandike upya aya mbili. Mbili tu. Aambatishe ukurasa mmoja wa kueleza alichobakiza, alichotupa, na sababu. Kama alitumia mashine, aseme wapi.

Hatua ya 5. Dakika tano za mdomo, swali moja kuhusu uamuzi mmoja alioufanya. Alama mimi hugawa 40 usahihishaji, 30 aya, 30 mdomo. Wewe gawa upendavyo.

MASWALI

Swali: Mwalimu, nina wanachuo 300. Dakika tano kila mmoja ni saa 25. Nitalala lini?
Jibu: Usijaribu. Hoji makundi, msemaji umchague wewe papo hapo. Makundi 75 ni saa 6 na robo, na ukiwa na wasaidizi wawili mnamaliza asubuhi moja. Kwa kuwa hakuna anayejua atakayeitwa, wote husoma.

Swali: Programu ya chuo inasema asilimia 80 ya insha ya binti mmoja ni ya mashine. Nimfelishe?
Jibu: Kwa namba hiyo peke yake, hapana. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walipima vitambuzi 7 kwa insha 91 za TOEFL (mtihani wa kupima Kiingereza), zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu zilidaiwa kuwa za mashine. Muite, mkae, akueleze insha yake.

Swali: Naruhusiwa kupakia kazi zao ili mashine inisaidie kusahihisha?
Jibu: Ile ni kazi ya mwanachuo, ina jina lake na namba yake. Bila idhini yake na ya chuo, mimi sithubutu. Mashine naitumia kuupima mwongozo wangu: naiomba itunge majibu ya ajabu lakini sahihi, nione kama mwongozo ungeyanyima alama bure. Mara mbili nimelazimika kuuandika upya.

Swali: Mkuu, sisi wa hisabati hatuna insha.
Jibu: Mna uthibitisho, nao unafaa zaidi. Gawa thibitisho tatu za mashine ulizozikagua mwenyewe, mbili zenye kosa na moja safi, usiwaambie ni ipi. Kupata kosa si kazi kubwa. Msikilize yule atakayesimama kusema kwamba hii haina kosa, kisha mwambie aitetee.