Namba ya Taarifa Ilivyonipotezea Miezi Saba: Kwa Wana-Moshi Mnaoishi Uingereza

Nikiwa likizoni hapa Moshi, ndugu wanaojiandaa kwenda Uingereza wameniuliza jinsi ya kushtaki madereva wanaokimbiza magari mtaani, nami nawajibu nikiwa bado na uchungu.

Kwetu Pasua, gari likimkosakosa mtoto, mtu humwendea mwenyekiti wa mtaa, akamtafuta polisi kata, na barua ya kuomba tuta ikapelekwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mimi nilidhani kule England polisi hufanya yote hayo. Gari liliponivunjia kioo cha pembeni cha gari langu mbele ya shule ya mwanangu, niliwaandikia polisi nikiomba tuta, nikapewa namba ya taarifa, nikaibandika kwenye mlango wa friji, nikangoja. Baada ya miezi saba nilipiga 101, namba ya polisi ya mambo yasiyo ya dharura, nikaambiwa taarifa ilifungwa wiki ileile niliyoiandika, kwa kuwa matuta na alama za barabarani ni kazi ya halmashauri yenye dhamana ya barabara.

Narudia, kwa sababu hapa ndipo wengi tunanaswa: polisi hushughulika na dereva, halmashauri hushughulika na barabara. Waandikieni wote wawili siku hiyohiyo, wala msidhani kwamba kupewa namba ni kuanza kwa kazi. Kwa polisi tajeni siku, saa, mwelekeo na namba ya gari, kwani askari hawezi kupanga zamu ya kupima mwendo kwa maneno “magari yanakimbia sana”. Hatari ikiwa inatokea sasa hivi, pigeni 999, namba ya dharura. Mtu akiumia, hata kidogo, ajali iandikishwe polisi, maana halmashauri hutazama kumbukumbu za majeruhi inapogawa fedha za matuta.

Shangazi yangu alinishauri nimtafute mkubwa wa kituo nikiwa na bahasha. Shikamoo shangazi, najua ulinitakia mema, lakini usimwambie hivyo mtoto mwingine: sheria ya rushwa ya Uingereza ya mwaka 2010 humtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea.

Jamii ya kule England huamini maandishi, na hilo nalipenda. Lakini majirani hulalamika kila mtu nyumbani kwake, hakuna wa kuitisha kikao, na hilo naliona ni upungufu mkubwa. Niligonga milango jioni tatu nikapata saini kumi na moja, nikampelekea diwani. Ndipo mirija ya mpira ya kuhesabu magari ilipotandazwa mbele ya shule.